KIZIMBA CHA GARI LA GANGI: KITULINDE, KISITUPASUE VICHWA

Ndugu wafanya kazi wa njia, madereva, na mafundi wa karakana,

Twaomba nafasi katika gazeti letu la chama tuseme neno juu ya kizimba cha vyuma kilichomo ndani ya magari yanayotupeleka kazini. Wako watakaosema kwamba chama kina mambo makubwa ya kutazama, mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni, na sisi twaleta habari za mabomba ya gari. Twawajibu hivi: mshahara huliwa na mtu mzima. Aliyevunjika fuvu hana mshahara wa kuongezewa, wala hana uzeeni wa kulipwa.

Tueleze jambo lenyewe kwanza, ili waelewe hata ndugu zetu wa ofisini na wa stesheni wasiopanda magari haya. Zamani gangi ilikwenda kazini kwa miguu au kwa troli. Leo mara nyingi twabebwa kwa Land Rover au Land Cruiser, kwa barabara ya kando ya njia penye makorongo, mawe na udongo mweusi. Gari la namna hii limeinuka sana kutoka chini. Gurudumu la upande mmoja likiingia korongoni, gari huweza kulala ubavu au kugeuka miguu juu. Paa lake ni bati tu. Likipinduka, bati hulala juu ya vichwa vya watu. Kwa sababu hiyo magari mengine hutiwa kizimba: upinde mkuu wa bomba nyuma ya kiti cha dereva, upinde wa mbele unaofuata nguzo za kioo, mabomba mawili ya kuunganisha pinde hizo juu ya milango, miguu ya nyuma, na bomba la mshazari linalokata upinde mkuu kutoka pembe hadi pembe.

Hatukipingi kizimba. Asije mtu akasema kwamba chama kimekataa usalama. Nchi ya Sweden iliamuru mwaka wa 1959 kwamba kila trekta jipya liuzwe likiwa na fremu ya kumlinda dereva likipinduka, na vifo vya wakulima chini ya matrekta vikapungua sana. Chuma kile kiliokoa watu. Lakini kila chuma kina mahali pake na matumizi yake, na hapo ndipo ugomvi wetu unapoanza.

Vizimba vingi vya magari haya vimefuata mfano wa magari ya mashindano. Nchi yetu yajua mashindano. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953 ikiitwa Coronation Safari, na mwaka wa 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha. Rhino Charge ilianza mwaka wa 1989 kutafuta fedha za uzio wa Aberdare, na magari yake hupanda mawe ambayo mbuzi angeyafikiria mara mbili. Sasa mtazame mtu aketiye ndani ya kizimba cha mashindano. Amevaa helmeti. Kiti chake kina mabawa ya kumshika mabega. Amefungwa kwa mkanda wenye ncha nyingi, hata akitaka kukohoa hana nafasi ya kuinama. Gari likitikisika, mwili wake hauendi popote, na kichwa kikigusa chuma, helmeti ndiyo inayogusa.

Kisha tazameni gari la gangi. Kizimba ni kile kile, mabomba matupu yaliyopakwa rangi. Walio ndani wamevaa kofia za kitambaa, wengine hawana kofia. Nyuma watu wameketi kwenye mabenchi ya ubavuni bila mkanda, migongo yao imeegemea bati, na bomba la chuma li karibu na sikio kama dhamira mbaya. Je, huo ni usalama? Kizimba cha mashindano bila helmeti, bila kiti na bila mkanda ni nusu ya dawa, na nusu nyingine ni sumu.

Katika sehemu moja ya njia, ambayo hatuitaji, gari halikupinduka hata kidogo. Lilikuwa likirudi jioni, pole pole, likaingia shimo la mvua. Ndugu yetu mmoja aliyeketi nyuma ya dereva akatupwa ubavuni, na kichwa chake kikakutana na bomba lililo juu ya mlango. Alizimia palepale. Alishonwa, akalala hospitalini, na hata leo akiinama kufunga bolti za reli huona giza. Mkubwa wa kazi alipoulizwa alisema, "Alikuwa akisinzia." Basi twauliza: tangu lini kusinzia ni kosa la kupasuliwa kichwa? Mtu aliyeamka saa kumi ya usiku, akainua slipa na kupiga kokoto mpaka jua likachwa, asisinzie garini asinzie wapi? Gari la kubebea watu waliochoka lazima litengenezwe kwa watu waliochoka.

Sasa twawageukia ndugu zetu wenyewe, maana ukweli hauchagui uso. Baada ya mambo hayo baadhi ya wenzetu walichukua grenda wakakata bomba la mshazari, wakisema, "Hili ndilo linaloumiza watu, tena latuzuilia masanduku ya vyombo." Gari likawa na nafasi, na kila mtu akafurahi. Ndugu, furaha ile ni ya mtu aliyeuza mlango ili anunue kufuli.

Mjue kazi ya mshazari. Chukueni fito nne mfunge lango la boma la ng'ombe, halafu mlining'inize bila ufito wa mshazari. Baada ya mwezi mmoja lango limelala, pembe zake hazina umbo tena. Tieni ufito mmoja wa kukata kona hadi kona, na lango litasimama miaka. Sisi watu wa reli tusiambiwe jambo hili na wageni, kwa kuwa kila siku twaona madaraja ya vyuma yenye mishazari. Pembe nne hujikunja, pembe tatu hazijikunji. Upinde uliokatwa mshazari, gari likilala ubavu, huenda upande kama lango lile, na paa hufuata. Mbaya zaidi, mtu akiutazama huona kizimba bado kipo, akaamini. Afadhali gari lisilo na kizimba kabisa, ambalo dereva analiogopa, kuliko gari lenye kizimba cha uongo.

Tena kuna wale wanaotoboa mabomba kwa drili ili watundike koleo, taa na chupa ya maji. Kila tundu katika bomba ni mahali ambapo bomba litaanza kukunjika. Kitu cha kutundikwa kifungwe kwa kibano kinachozunguka bomba, si kwa tundu. Wala vyombo vyenyewe visikae na watu. Nyundo ya kilo chache, gari likipinduka, huruka kama risasi ndani ya kizimba, na kizimba hakina habari nayo.

Na mafundi wanaojenga vizimba kwa bomba la maji, twawaambia kwa heshima: acheni. Bomba la maji lilifanywa kushika maji. Kanuni za chama cha dunia cha mashindano ya magari, FIA, zataka bomba lisilo na mshono, la chuma lililovutwa baridi, na kwa upinde mkuu upana wake uwe milimita 45 na unene wa ukuta wake milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Miguu ya kizimba ifungwe kwa bolti zisizopungua tatu za M8, juu ya bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, yaani kama sentimita 12 kwa 10. Kwa nini bamba? Kila mtu wa njia ajua jibu. Reli haiwekwi juu ya slipa ya mti bila bamba, kwa maana ingekata mti. Mguu wa kizimba uliosimama juu ya bati la sakafu bila bamba ni vivyo hivyo: gari likipinduka, mguu hutoboa bati na kushuka chini, na paa hushuka pamoja nao.

Basi ikiwa hatutaki kizimba tupu na hatutaki kizimba kilichokatwa, twataka nini? Twataka kizimba kigeuzwe kwa matumizi ya kila siku, kwa akili na kwa mkono wa fundi. Jambo hili lawezekana, na njia zake ni hizi.

Ya kwanza ni nafasi. Dawa kubwa ya kichwa na chuma ni kuvitenga. Mabomba ya juu yalazwe karibu kabisa na paa na nguzo za gari. Kiti kishushwe au kisogezwe mpaka mtu akiyumba kwa kadiri mkanda unavyomruhusu, kichwa kisifike. Gari ambalo nafasi hiyo haipatikani ndani, kizimba chake kijengwe nje ya bodi, kifungwe mpaka kwenye chesisi, kama magari mengi ya Land Rover yalivyofanyiwa. Hapo vichwa hubaki na bati na kitambaa tu. Lakini tuseme pia ubaya wake: vyuma vya juu huongeza uzito wa juu, na uzito wa juu hulifanya gari lipende kupinduka. Kwa hiyo gari lenye kizimba cha nje lisipakiwe slipa wala mapipa juu ya paa, hata kama inspekta ana haraka.

Ya pili ni kufunika. Bomba lolote ambalo mwili waweza kuligusa lifunikwe. Lisifunikwe kwa sponji ya godoro! Sponji ukiibonyeza kwa kidole gumba, kidole chakuta chuma. Kichwa nacho kitakikuta vivyo hivyo. Iko sponji ngumu iliyofanywa kwa kazi hii, nayo FIA imeipa kipimo chake, nambari 8857-2001. Lakini hapa tuwe waangalifu, maana mabwana wakubwa watatuletea sponji hiyo na kusema mambo yamekwisha. FIA yaitaka mahali ambapo helmeti yaweza kugusa bomba. Kwa kichwa kitupu yasaidia, lakini haifanyi chuma kuwa mto. Ndiyo maana tumetanguliza nafasi, kisha kufunika.

Mkubwa mmoja akauliza kwa nini tusivae kofia zetu ngumu za kazi ndani ya gari. Kofia ile ilifanywa kukinga kitu kinachoanguka kutoka juu. Haishiki pigo la ubavuni kama helmeti, na isipofungwa kidevuni huruka gari likiruka. Asitupe kofia pale tunapodai kazi ya fundi.

Ya tatu ni mkanda. Kizimba hulinda nafasi ya kukaa. Mkanda ndio unaomweka mtu ndani ya nafasi hiyo. Asiye na mkanda hutupwa juu ya mabomba, au hutupwa nje na gari likamlalia. Mkanda wa ncha tatu ulitiwa katika magari na Volvo tangu mwaka wa 1959, na kwa gari la Volvo Joginder Singh alishinda Safari mwaka wa 1965. Si jambo la jana. Kwa kazi ya kila siku mkanda huo wa ncha tatu wafaa kuliko ule wa mashindano, maana dereva wa gangi hushuka mara nyingi, huinama, hutazama nyuma. Mkanda wa mashindano ukimsumbua atauacha ukining'inia, na mkanda unaoning'inia haujaokoa mtu. Mabenchi ya ubavuni yaondolewe, viti vitazame mbele, kila kiti na mkanda wake. Kama hesabu ya viti ni sita, watu ni sita. Wa saba angoje safari ya pili.

Ya nne ni mlango. Kizimba cha mashindano huwa na mabomba ya kukatiza mlangoni. Mshindani huyavuka asubuhi mara moja. Sisi twapanda na kushuka kutwa nzima, buti zina tope na mikono ina vyombo. Tena gari likishika moto au likiingia mtoni, mabomba yale yawa mlango wa jela. Fundi ayashushe au ayaondoe kwa hesabu, akiimarisha sehemu ya chini, wala asiyakate ovyo.

Ya tano ni mifuko ya hewa. Magari mapya mengine yana mifuko ya hewa inayofumka kutoka juu ya milango. Bomba likipita mbele yake, mfuko hauwezi kushuka. Gari la namna hiyo lisitiwe kizimba cha ndani mpaka fundi amejua mifuko iko wapi.

Twajua jibu watakalotupa: fedha hazipo. Jibu hili twalifahamu kama tufahamuvyo filimbi ya gari moshi. Lakini hesabuni wenyewe. Kusogeza viti, kutia mikanda na kufunika mabomba ni kazi ya karakana ya siku chache. Mtu mmoja akivunjika, kuna hospitali, kuna siku za kazi zilizopotea, kuna fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ya wafanya kazi wanaoumia kazini, na sheria hiyo humhesabu mtu anayebebwa bure na gari la mwajiri kwenda au kutoka kazini kuwa yumo kazini. Aliye bahili wa sponji atalipa jeneza.

Tena sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamwamuru mwajiri kulinda usalama wa wafanya kazi wake. Penye watu 20 na zaidi pawe na kamati ya usalama. Na mfanya kazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Hiyo si sheria ya chama, ni sheria ya nchi. Hata abiria wa matatu, tangu kanuni alizozitoa waziri John Michuki mwaka wa 2003, ana haki ya mkanda. Mtu anayekwenda sokoni kununua sukuma wiki afungwe mkanda, na mtu anayetengeneza njia ipitayo treni nzima ya watu abebwe kama kokoto?

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka agizo la Musa, kwamba mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya atakayeanguka isidaiwe kwake. Hakuambiwa aweke ukingo wenye misumari upande wa ndani.

Kwa hiyo twataka mambo haya yapelekwe na matawi yote mbele ya kamati za usalama:

1. Kila gari la gangi lenye kizimba likaguliwe na fundi anayejua kazi, na mwakilishi wa wafanya kazi awepo.
2. Gari lililokatwa mshazari au kutobolewa mabomba lisibebe watu mpaka litengenezwe.
3. Viti vitazame mbele, kila kiti na mkanda, na idadi ya watu iandikwe mlangoni.
4. Mabomba yatengwe na vichwa, kisha yafunikwe kwa sponji ngumu.
5. Vyombo viwekwe nyuma ya wavu wa chuma au katika trela.
6. Dereva anayekataa kuendesha gari la hatari asiadhibiwe.

Kwenu madereva: ninyi ndio mnaoshika usukani. Msikubali mtu wa saba. Kwenu mafundi: grenda iko mikononi mwenu, na ndugu zenu wako chini ya kazi ya mikono hiyo. Mkiambiwa mkate, ulizeni kwanza bomba hilo lashika nini. Kwenu watu wa gangi: mkanda ukitiwa, fungeni. Tusidai kitu mezani halafu tukikalie garini.

Na kwenu wakubwa wa kazi twasema bila matusi. Pandeni gari la gangi siku moja, mketi nyuma ya dereva chini ya bomba la mlango, mwende kazini alfajiri na kurudi jioni baada ya mvua. Mkirudi, tuonane kwenye kamati. Twaamini mkutano huo hautakuwa mrefu.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu,
Wafanya kazi wa Njia